Biskuti za Mti wa Krismasi

Tuko hapa Mogogosiek, kwenye mashamba ya majani chai.

Krismasi iliyopita tuliaibika. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wameoka biskuti za sura ya nyota na kondoo, tukazitundika kwenye mti wa Krismasi karibu na mimbari. Mtoto mmoja, ambaye mamake huchuma majani chai katika mashamba ya watu, akanyosha mkono. Mzee wa kanisa akamzuia, akasema, "Hilo ni pambo, mtoto, si chakula." Nasi tulikuwa hapo, tukanyamaza.

Usiku ule tulijiuliza kama ni halali kutundika chakula ili kitazamwe tu. Tukafungua vitabu. Msafiri mmoja aliyefika Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, aliandika mwaka 1605 kwamba watu waliweka miti sebuleni na kuitundika waridi za karatasi, matofaa, mikate myembamba na vitu vya sukari. Tofaa lilikumbusha habari za Adamu na Hawa, ambao siku yao ilikuwa tarehe 24 Desemba, na mikate ile ilifanana na ile ya Ushirika Mtakatifu. Baadaye biskuti zikashika mahali pake. Tena sikukuu zilipokwisha, watoto waliruhusiwa kuutikisa mti na kula. Basi mzee wetu alikosea, na sisi tulionyamaza tulikosea zaidi.

Akina mama wengi wametuuliza jinsi ya kuzioka. Chukueni unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe 1, siagi kikombe 1 kisichojaa, yai 1, na tangawizi ya unga kijiko kidogo. Msitie hamira ya aina yoyote, maana biskuti ikiumuka nyota hugeuka kuwa chapati. Sukumeni donge kama la chapati, lakini liwe nene kidogo, mkate kwa kisu. Tundu la uzi litobolewe kabla ya kuoka, nalo liwe pana kama penseli, kwa kuwa motoni hujifunga. Asiye na oveni atie mchanga mkavu katika sufuria kubwa, aipashe moto juu ya jiko, aweke sahani ya bati ndani, afunike, kisha atie makaa machache juu ya mfuniko. Kingo zikianza kuwa za kahawia, toeni. Zikingoja zitaungua chini.

Wako wanaotia chumvi nyingi ili pambo lidumu miaka. Hilo haliliki, na kwa maoni yetu ni afadhali kukata nyota za karatasi. Biskuti za kweli hulainika upesi katika baridi yetu hii yenye unyevu, kwa hiyo zikae katika mkebe uliofungwa vizuri, zitundikwe tarehe 24 jioni. Uzi usiguse ukuta, ama sisimizi watakula Krismasi kabla yenu.

Mwaka huu tutazigawa baada ya ibada, siku ile ile. Mtoto yule hatujamwona tena, kwa maana wachumaji huhama wakifuata kazi. Hata hivyo matawi ya chini ndiyo yatakayobeba biskuti nyingi, na yule mzee ameomba awe yeye wa kukata nyuzi.