Datsun 1600 SSS: Anza na Bodi, Injini Itasubiri

Pasaka ya mwaka 1970, Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 1600 SSS, gari dogo la milango minne. Magari ya aina hiyo yanatafutwa upya siku hizi, kwa sababu tangu 2003 yako mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo hukimbiwa Kenya na miaka mingine huvuka hadi Tanzania. Mwenye Datsun akitaka kuifufua kwa ajili ya mbio, swali lake la kwanza huwa ni nguvu ya injini. Jibu langu halibadiliki: tuanze na bodi.

Gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Mbele, shokapu imesimama wima ndani ya springi, na kichwa chake kimefungwa kwenye bati lililo chini ya boneti, hivyo kila shimo la barabarani linapiga palepale. Nyuma, kila gurudumu hucheza kivyake. Hiyo ndiyo sifa iliyolifanya litulie kwenye barabara mbovu, na ndiyo sababu pia sehemu zinazobeba mikono ya magurudumu hupata mateso makubwa. Injini ikiongezwa nguvu juu ya bodi iliyochoka, kitakachoongezeka ni kasi ya kupasuka.

Basi vua kila kitu mpaka libaki bati tupu, na puti yote ya zamani ikwanguliwe. Kisha chukua nyundo ndogo ugonge taratibu, hatua kwa hatua. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililoliwa hutoa mlio mfu. Magari yaliyoishi Mombasa au Tanga huliwa na chumvi kutoka ndani kuja nje, hasa kwenye vizingiti vya chini ya milango, ambako maji huingia yakakosa pa kutokea. Kubandika bati jipya juu ya kutu ni kujidanganya. Kata mpaka ukifikie chuma kizima.

Lakini kabla ya kukata, pima mshazari: kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo visipolingana, gari limewahi kugongwa likapinda, na hakuna alaimenti ya magurudumu itakayoficha jambo hilo.

Kiwandani, mabati yaliunganishwa kwa vituo vidogovidogo vya weldi. Kwa mbio, fundi huongeza weldi fupi kati ya vituo hivyo: sentimita mbili au tatu, anaacha nafasi, anahamia upande wa pili wa gari huku wa kwanza ukipoa. Akichoma mfululizo, joto litalipinda bati na vipimo vyote vitapotea. Fundi asiye na subira asiguse kazi hii. Baadaye huja kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva. Miguu ya kizimba hicho isikae juu ya sakafu tupu. Itanguliziwe bati nene lililochomewa vizuri, la sivyo siku ya kupinduka bomba litatoboa sakafu.

Kuhusu kanuni, FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ina Kiambatisho K kwa magari ya zamani ya mashindano. Gari liwe kama lilivyosajiliwa kwa mashindano zama zake, na fomu ya usajili huo ndiyo ushahidi. Usalama, hata hivyo, ni wa leo: viti, mikanda, vizima moto. Mikanda ya mbio ina tarehe ya kuisha muda hata kama haijatoka kwenye boksi.

Sasa injini. Ni ya cc 1,595, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Metali hizo mbili hazitanuki sawa, kwa hiyo injini iliyowahi kuchemka mara nyingi hedi yake imepinda, nayo hupelekwa kuchongwa. Hapo ndipo wengi huharibu. Kemshafti iko juu ya hedi na huzungushwa kwa cheni. Ukichonga hedi sana, kemshafti inashuka, cheni inalegea na valvu zinachelewa kufunguka. Dawa ni kuweka vibati vyembamba chini ya vishikio vya kemshafti, kufidia kile kilichochongwa. Fedha itakayobaki iende kwenye chujio la hewa, kwa kuwa vumbi la Safari likiingia kwenye kabureta mbili za injini hii linakwangua silinda na ringi upesi.

Kama unayo 1600 iliyolala uani, usiwape wanunuzi wa chuma chakavu kabla hujagonga vizingiti na sakafu yake. Na ukiamua kuifufua, tunza kila kipuri unachokivua, hata kibovu, maana fundi atakihitaji kama kipimo cha kuchongea kingine.