Ujauzito na Urithi (5): Kisiwa cha Idjwi na chumvi ya Mudende

Tangu Rais wa Marekani aliposimama mbele ya kamera tarehe 22 Septemba 2025 na kuwaambia wajawazito waachane na Tylenol, dawa ambayo huku tunaijua kama paracetamol, uvumi umevuka bahari ukapanda milima hadi kwetu Mudende, Rwanda. Akina mama wanaokwenda kliniki wananong'onezana kwamba kidonge kile cheupe kinaleta watoto wenye usonji. Siku mbili baada ya tangazo hilo Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa jambo hilo. Jibu nalo lilisafiri, ila kwa mwendo wa kobe, na sina hakika kama limeshafika kwa jirani zetu wa Bugeshi.

Nilimalize hili upesi, kwa kuwa halina mengi. Uchunguzi mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watoto karibu milioni 2.5. Watoto wote walipolinganishwa kwa jumla, ilionekana tofauti ndogo kati ya waliozaliwa na mama aliyetumia dawa na wengine. Walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alimeza dawa akiwa na mimba yake na mwingine hakumeza, tofauti hiyo ikatoweka. Kwa hiyo iliyokuwa ikionekana ni familia yenyewe: urithi wao, maradhi ya mama, maisha ya nyumbani. Mama mwenye homa anywe paracetamol kwa kipimo alichopewa, kisha atafutiwe chanzo cha homa, maana homa kali isiyotibiwa ndiyo yenye madhara. Ya kuepukwa ni ibuprofen, hasa baada ya wiki ya 20, kwa sababu inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Na mwenye kifafa anayetumia valproate asiiache kwa ghafla, ila amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hiyo kweli inaharibu mtoto tumboni na haihitaji rais wa kuitangaza.

Wasomaji wanaonifuata tangu makala ya kwanza wanajua ninakoelekea. Tumeshaeleza kromosomu na ile ya ziada inayoleta hali ya Down. Tumeeleza pia utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao Profesa Leon Mutesa alikuwa mmoja wa waandishi wake, juu ya wanawake waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na alama zilizoonekana katika vinasaba vyao na vya watoto wao. Leo nauliza swali ambalo kipimo cha vinasaba hakiwezi kulijibu: kwa nini mtoto mwenye kromosomu nzima azaliwe na akili isiyokua? Ili kulijibu tupande mtumbwi.

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Congo, kusini mwa Gisenyi. Katika miaka ya 1960 walifika huko madaktari wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, wakiwemo François Delange, Ermans na Thilly, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro kilicho ng'ambo ya maji, karibu na Bukavu. Walichokiona kaskazini mwa kisiwa kiliwashtua: zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, yaani tezi ya shingo iliyovimba, wengine kiasi cha kuning'inia kifuani. Kati yao walikuwemo watu wazima wenye kimo cha mtoto, ngozi kavu, uso uliovimba na akili ambayo haikupata kukua.

Mtu yeyote wa milimani angetoa maelezo yake papo hapo. Ni damu ya ukoo. Msioe kule. Na wasomi wa Ulaya hawakuwa na haki ya kutucheka, kwa maana wao wenyewe kwa karne nzima walisema hivyo hivyo juu ya watu wa mabonde ya Alps, wakalaumu ndoa za jamaa, wakalaumu hewa, wakalaumu uvivu.

Lakini Idjwi ilikuwa na ushahidi mwingine, na hapa ndipo mimi hupoteza usingizi kwa furaha kila nikisoma kazi ile. Kusini-magharibi mwa kisiwa hicho hicho, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, watu wenye rovu walikuwa wachache sana. Wanakisiwa ni wale wale na ziwa ni lile lile. Madaktari wakapima mkojo wakitafuta madini joto, ile chembechembe ambayo tezi ya shingo inaihitaji ili kutengeneza homoni yake. Wakatarajia kusini kuwe na madini joto mengi. Hapana! Pande zote mbili zilikuwa na upungufu uliolingana. Mwaka 1968 waliandika kwamba upungufu huo unafungua mlango tu, na kwamba kuna kitu kingine kinachopita mlangoni.

Mwaka 1971 walikitaja: muhogo. Watu wa kaskazini walikula muhogo kwa wingi zaidi. Muhogo usiolowekwa vizuri hubaki na sumu ya sianidi, na ini la mwanadamu huigeuza sumu hiyo kuwa thayosianeti, ambayo haiui ila inaizuia tezi kunasa hata yale madini joto machache yaliyopo kwenye damu. Thayosianeti hiyo hupenya kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Basi mama mwenye upungufu, anayekula ugali wa muhogo ulioandaliwa kwa haraka, anamnyima mtoto mara mbili bila kujua. Bibi zetu waliosisitiza muhogo ulowe siku tatu nne, uanikwe, ndipo utwangwe, walikuwa wanakemia kuliko wajukuu wanaoona kazi hiyo ni ya kizamani. Haraka ya siku hizi itatuua.

Sasa mchukue mama yule wa Idjwi, umpeleke kwenye maabara ya kisasa kuliko zote. Mtoto wake atahesabiwa kromosomu 46, zote nzima. Majibu yatasema hakuna tatizo. Na bado mtoto anaweza kuzaliwa ameshapoteza akili yake.

Ushahidi wa mwisho ulitoka mbali, Papua New Guinea, nchi ya milima kama yetu. Mwaka 1966 daktari Peter Pharoah alianza jaribio katika bonde la Jimi: familia moja ilidungwa sindano ya mafuta yenye madini joto, inayofuata ikadungwa maji ya chumvi, na kuendelea hivyo hivyo. Matokeo yalitoka mwaka 1971. Kati ya watoto 534 waliozaliwa katika familia ambazo hazikupata madini joto, 26 walikuwa na ule ulemavu wa akili na mwili. Katika familia zilizopata, walikuwa 7 kati ya 498. Na ukiwatazama hao saba, sita mama zao walikuwa tayari na mimba siku ya sindano.

Sita kati ya saba! Nawaomba wanaume wanaosoma gazeti hili wakisubiri kunyolewa waisome sentensi hiyo tena. Tezi ya mtoto haianzi kufanya kazi hadi karibu na wiki ya 12. Kabla ya hapo ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama peke yake. Mama anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi minne amefika kazi kubwa ikiwa imekwisha. Kwa hiyo anayelinda mimba ni yule anayenunua chumvi ya nyumba yenye madini joto mwaka mmoja kabla ya mimba, na katika nyumba nyingi za huku mwenye fedha ya dukani ni mume.

Waswisi walilijua hilo mapema. Mwaka 1918 daktari wa kijijini aliyeitwa Otto Bayard alichanganya chumvi na madini joto kwa mikono yake akazigawia familia chache za kijiji cha Grächen, akatazama rovu zikipungua. Mwaka 1922 daktari mwingine, Hans Eggenberger, alikusanya sahihi za raia hadi jimbo lake la Appenzell likaruhusu chumvi hiyo kuuzwa. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya iliifanya kuwa sheria mwaka 1978. Milima hii ilikuwa inaletewa chumvi kutoka mbali karne nyingi kabla ya mpaka wowote kuchorwa; chumvi ya Katwe, huko Uganda, ilibebwa kwa vichwa vya watu hadi Rwanda. Leo nyingi inatoka mashamba ya pwani ya Kenya, Gongoni na Marereni. Na asidanganywe mtu na neno bahari: chumvi ya bahari peke yake ina madini joto kidogo mno. Ni lazima yaongezwe kiwandani.

Nije nyumbani. Mudende ni nchi ya viazi na maziwa, chini ya volkano, mvua haikatiki. Mvua huleta milidiu, ugonjwa wa viazi, na milidiu huleta bomba la kupulizia. Dawa inayopendwa ni mancozeb, ile ya unga wa manjano inayouzwa kwa majina kama Dithane. Wanaume ndio wenye kubeba bomba mgongoni, lakini nani anayeteka maji, nani anayekoroga pipa, nani anayepalilia kesho yake majani yakiwa bado na rangi, nani anayefua shati? Mancozeb ikivunjika hutoa kemikali iitwayo ethilini thayourea, na kemikali hiyo kazi yake mwilini ni kuizuia tezi ile ile ya shingo isitengeneze homoni. Katika panya imeharibu vijusi. Mwishoni mwa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali chake, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba imewekwa katika kundi la kemikali zinazodhuru uzazi. Kwetu inauzwa rafu moja na biskuti.

Naona uhusiano na Idjwi hauhitaji kuchorewa ramani: udongo wa milimani wenye madini joto machache, kemikali inayoizuia tezi, na mama aliye katikati. Sisemi watu waache kupulizia, kwani bila dawa msimu mmoja wa milidiu unamaliza shamba. Nasema mwanamke anayetarajia kushika mimba asikoroge dawa, asiingie shambani majani yakiwa hayajakauka, na nguo za kupulizia zifuliwe na aliyezivaa. Wakuu wa vijiji wanaoweza kuitisha mkutano kwa ajili ya kazi ya pamoja ya umuganda wanaweza kulisema hili pia.

Nimebakiwa na nafasi ndogo kwa vipimo vyenyewe, ambavyo wengi waliniandikia kuvihusu. Kipimo cha damu ya mama kinachosoma vinasaba vya mimba kinatokana na ugunduzi wa Dennis Lo wa mwaka 1997, kinaweza kufanywa kuanzia wiki ya 10, na ni ghali. Kinachosomwa kwa kweli ni vinasaba vya kondo. Ni kipimo cha kuchuja; kikisema kuna hatari, uthibitisho hutafutwa kwa kuchukua maji ya uzazi kwa sindano baada ya wiki ya 15. Uwezekano wa hali ya Down hupanda na umri wa mama, hadi kufikia karibu mimba moja kati ya 100 akiwa na miaka 40. Mwenye uwezo na sababu apime. Lakini rubela, ambayo Norman Gregg wa Sydney aligundua mwaka 1941 kuwa inapofusha watoto tumboni, hatukuishinda kwa kipimo. Rwanda ilianza kuchanja dhidi yake pamoja na surua mwaka 2013, ya kwanza Afrika kufanya hivyo kwa msaada wa Gavi, na wasichana waliochanjwa wakati huo sasa ndio wanaobeba mimba.

Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Nunua chumvi iliyofungwa kwenye pakiti yenye maandishi ya madini joto, si ile inayochotwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi mvuani. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko, na uitie mwishoni mwa kupika. Wenye maduka ya mpakani wanaoimwaga chini kwenye turubai watusamehe, tutaendelea kuwasema.

Msomaji mmoja wa Busasamana ameuliza kama mama anayekula sambaza kila siku anahitaji chumvi hiyo. Anaihitaji. Samaki wa baharini ana madini joto mengi, ila sambaza ni samaki wa maji baridi, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na maji ya namna hiyo hayana mengi ya kumpa. Atampatia protini na kalsiamu nzuri, akiliwa na mifupa yake. Madini joto mama atayakuta kwenye chumvi aliyoungiwa samaki huyo.