Umepewa pinboli ya bure? Ngoja kuichomeka stima

Jamaa yako aliye Marekani akikuambia kuna mzee wa Chicago anatoa pinboli bure, ile mashine ya gololi ya chuma na taa kibao, usidhani ni mzaha. Inapita kilo 100 na wengi wanataka tu gereji yao iachwe wazi. Itisha mabeste watatu na pikapu.

Shida huanza mkishaifikisha nyumbani. Kila mtu anataka kuiwasha hapo hapo. Wacha! Fungua kichwa chake kwanza. Nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina betri kwenye bodi, na zikisahaulika humo huvuja, ile alkali ikala shaba polepole. Zitoe. Halafu kagua fyuzi moja moja, maana fundi wa zamani huenda aliziba pengo kwa foili ya pakiti ya sigara. Ukiiwasha hivyo, koili inaweza kushika moto, na nyumba je?

Raba na balbu ndizo rahisi, hizo utabadilisha ukipiga stori. Na ukiileta Nairobi, stima yetu ni volti 240, ya kwao 120. Nunua transfoma kabla ya kulipia kontena.