Mukiachana, asiransi ya motokari inabaki ya nani?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, pamoja na mama zetu nyumbani, mambo mengi yanatufikia sendika ambayo si ya kazi. Moja inarudia kila mara: bwana na bibi wameachana, vyombo wamegawana, lakini motokari imebaki katikati. Bibi njo anaendesha, karatasi zote ziko na jina la bwana. Siku ile inagonga mutu, matata inaanza.

Tuelewe kwanza. Katika inchi yetu, kila motokari ya barabarani lazima iwe na asiransi ya kulipia wale inaowaumiza. Asiransi hiyo haitengenezi motokari yenyewe. Na haijui kama ndoa imekufa: inasoma paka majina yaliyoandikwa. Bwana atatafutwa kwa aksida ambayo hakuiona. Bibi naye hatajua kama asiransi imeisha, juu habari inaenda kwa bwana.

Motokari ni ya nani? Wengi wanasema: ya ule alilipa. Hapana. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kama hamukuchagua kitu kingine siku ya ndoa ku komine, mali mulipata ndani ya ndoa ni ya wote wawili, hata ikitoka ku mushahara wa mugodi wa mumoja. Mukishindwa kuelewana, tribinali ya amani itakata neno.

Mukielewana, mufanye hivi. Muandike karatasi: nani anabaki na motokari, tangu siku gani, na miezi ya asiransi iliyokwisha kulipwa inahesabiwa namna gani. Mubadilishe jina ku karte roze. Kisha ule anabaki na motokari aende kutafuta asiransi kwa jina lake. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Tangu sheria ya 2015 kuna kampuni zingine, anaweza kuchagua.

Tunakaza neno moja: musivunje asiransi ya zamani mbele mupya haijaanza, hata kama hasira ni nyingi. Siku moja tu bila asiransi, mutoto wa mutu akigongwa, mushahara wa miaka unaweza kuisha, na watoto wenu wanakosa masomo.

Mulete karte roze na karatasi ya asiransi kwa delege wenu. Tutazisoma pamoja, bwana ao bibi, bila kuuliza nani alikosa.