Taulo ya Kukaushia Gari: Jambo Dogo Lenye Gharama Kubwa

Katika visiwa vyetu hivi, ambako kila upepo uvumao hupitia baharini kabla ya kufika majumbani, kuosha gari ni kazi ya kulinda mali. Wengi tunalitambua hilo, na ndiyo maana asubuhi za Ijumaa, na zaidi siku za mkesha wa Sikukuu, ndoo na mipira ya maji huonekana nje ya nyumba na ofisi, Unguja na Pemba, mjini na mashamba. Lakini iko hatua ya mwisho katika kazi hiyo ambayo haipewi uzito unaostahili, nayo ni kulikausha gari baada ya kuliosha. Aghalabu hatua hiyo huachiwa jua, au hukabidhiwa kitambaa chochote kilicho karibu: shati kuukuu lenye vifungo vyake, kipande cha kanga, au taulo iliyokwisha kufutia magurudumu tangu wiki iliyopita.

Huenda wapo watakaocheka kusikia kwamba gazeti limeacha mambo makubwa ya nchi na kuzungumzia taulo. Tunawaomba wasituhukumu kwa haraka. Gari ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa anavyoweza kuvimiliki mwananchi wa kawaida baada ya nyumba yake, na magari yenye namba za SMZ yamenunuliwa kwa fedha za wananchi wote, pamoja na wale ambao hawajapata kuyapanda. Kitu kinachogusa mali hiyo kila wiki, mwaka baada ya mwaka, hakiwezi kuitwa kitu kidogo.

Kwanza hapana budi kujibu swali la msingi: kwa nini tulikaushe gari, na jua tunalo la kutosha? Jibu liko ndani ya birika la chai. Maji yetu mengi hutoka katika visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na maji ya namna hiyo hubeba chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Kila mama wa nyumba anaujua ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika. Ndivyo inavyokuwa juu ya boneti la gari: jua huchukua maji na kuacha chokaa. Tone moja huacha duara jeupe, na duara hilo lisipoondolewa mapema hushikamana na rangi kwa joto la mchana hata likawa halitoki kwa kuoshwa tu. Kwa hiyo jua halikaushi gari kwa maana tunayoitaka. Hulikausha na kuliachia madoa.

Sababu ya pili ni chumvi. Tunafahamu jinsi chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika bila ya mtu kuitia maji. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani, na usiku wa visiwani unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi. Chumvi iliyobaki katika ukingo wa mlango, chini ya mpira wa kioo, au pale rangi ilipobanduliwa na kokoto, hukaa imelowa na kukitafuna chuma taratibu. Ieleweke wazi kwamba taulo haiondoi chumvi ambayo haikusuuzwa. Suuza kwanza kwa maji baridi mengi, juu na chini ya gari. Kisha taulo ifuate, iondoe maji yaliyobaki katika kingo na mapengo ambako upepo haufiki.

Sasa tuitazame rangi yenyewe, maana ndiyo inayoguswa. Magari mengi tuliyonayo huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na mengi kati yake yana tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, linaloonekana kama kioo, ambalo kazi yake ni kuikinga rangi iliyo chini yake. Unene wa tabaka hilo ni takriban sehemu 40 hadi 50 za elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Punje ya mchanga iliyonaswa ndani ya kitambaa ni ngumu kuliko tabaka hilo, na mkono unapokisukuma kitambaa, punje hiyo hulikwaruza kama msasa. Mkwaruzo mmoja hauonekani. Maelfu yake ndiyo yale mizunguko kama ya buibui inayoonekana jua likilipiga gari jeusi ubavuni. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Rangi ya gari nayo huisha vivyo hivyo, na anayeimaliza hudhani kwamba anaisafisha.

Basi, taulo ipi ichaguliwe? Tuzipime zile zinazopatikana, moja baada ya nyingine.

Nguo kuukuu ndizo zinazotumika zaidi kwa sababu hazina gharama. Nyingi hazifai. Shati lina vifungo, suruali ina zipu, na vitambaa vingi vya mitumba vimechanganywa na nyuzi za plastiki zilizosokotwa kwa kukazwa, ambazo huyasukuma maji badala ya kuyanywa. Kanga ni ya pamba, lakini ni nyepesi na bapa. Hulowa upesi, na kwa kuwa haina manyoya, mchanga hukosa mahali pa kujificha, ukabaki baina ya kitambaa na rangi. Kanga kuukuu ifutie vioo na viti. Bodi itafutiwe kitu kingine.

Ipo pia ile ngozi laini ambayo madereva wa zamani huisifu mpaka leo. Asili yake ilikuwa ngozi ya mnyama wa milima ya Ulaya afananaye na mbuzi, lakini kwa miaka mingi sasa hutengenezwa zaidi kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Hunywa maji vizuri na kukamulika kwa urahisi. Aibu yake ni ile ya kanga: ni bapa, na gari lisiposuuzwa barabara huukokota mchanga juu ya rangi. Tena ikiachwa juani hukauka ikawa ngumu kama ubao, na ikifuliwa kwa sabuni kali hupoteza mafuta yake na kupasuka.

Taulo ya pamba ya kuogea, ile yenye vitanzi pande zote mbili, ni chombo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Pamba hupenda maji kwa maumbile yake, na unyuzi wake huzidi nguvu unapolowa, jambo linaloifanya istahimili kufuliwa na kukamuliwa mara nyingi. Vitanzi vyake huunyanyua mchanga na kuuficha ndani, mbali na rangi. Sharti zake ni tatu. Iwe nzito, walau gramu 400 kwa kila mita moja ya mraba, kipimo ambacho mara nyingi huandikwa kwenye kitambulisho chake. Iwe ya pamba tupu. Na ikatwe pindo zake ngumu pamoja na kile kitambulisho, kisha ishonwe upya kwa uzi laini. Taulo mpya ifuliwe mara mbili kabla ya kutumiwa, kwani hutoka kiwandani na dawa za kuipendezesha dukani ambazo huyazuia maji yasiingie.

Ya mwisho ni taulo ya nyuzi nyembamba za kutengenezwa, ambayo siku hizi huuzwa kwa jina la maikrofaiba. Mwaka 1970, Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray huko Japani alifanikiwa kutengeneza nyuzi nyembamba mno, na kutokana na kazi ya namna hiyo vikapatikana vitambaa hivi. Uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba mita 9,000 hazifiki uzito wa gramu moja. Kwa kawaida huchanganywa aina mbili za plastiki, poliesta na poliamidi, na maji hunaswa katika nafasi ndogo zisizohesabika zilizo baina ya nyuzi. Taulo nzuri ya aina hii hunywa maji mengi kwa kupitishwa mara moja tu. Ya kukaushia iwe nene, yenye manyoya marefu au iliyofumwa kwa vishimo kama sega la nyuki. Zile nyembamba zinazouzwa kwa mafungu ni za kufutia vumbi mezani. Haitaki maji ya moto sana, haitaki pasi, wala haitaki dawa ya kulainishia nguo, ambayo huziba nafasi zake ikawa haishiki maji tena. Isifuliwe pamoja na pamba, maana huokota vumbi la pamba na kulipeleka kwenye gari.

Lakini taulo hiyo ina deni kwa bahari. Ni plastiki, na kila inapofuliwa huachia vipande vya nyuzi visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hatimaye hufika majini. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya Bara kufanya hivyo mwaka 2019. Ingekuwa kinyume kuifukuza plastiki mlangoni na kuikaribisha dirishani. Hatusemi kwamba maikrofaiba isitumike. Tunasema ifuliwe pale inapohitaji kufuliwa, isifuliwe pwani wala kando ya kisima, na ikichakaa isitupwe ufukweni.

Kwa maoni yetu, taulo nzito ya pamba ndiyo inayowafaa wengi, na iko karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Hoteli za kitalii zilizojaa katika fukwe zetu hubadilisha taulo zao zinapochakaa. Taulo hizo ni nene na nyeupe, na zimefuliwa mara nyingi mpaka dawa za kiwandani zimekwisha. Weupe wake ni faida nyingine, kwani uchafu hauwezi kujificha. Vijana wanaoosha magari kwa ajili ya riziki zao wangenufaika sana kama wangeuziwa kwa bei ndogo, au kupewa, taulo hizo badala ya kuokota matambara. Kijana anayerejesha gari bila mkwaruzo hupata mteja wa kudumu. Anayelikwaruza hulaumiwa yeye, ingawa aliyekosea ni kitambaa.

Hata hivyo, taulo bora haina maana mikononi mwa mtu asiyejua matumizi yake. Gari likaushwe kivulini, likiwa limepoa. Kazi ianzie juu ya paa, ishuke kwenye vioo na boneti, imalizie chini ambako ndiko kwenye mchanga mwingi. Taulo ilazwe na kuvutwa taratibu, au igandamizwe na kunyanyuliwa. Isisuguliwe kwa duara kana kwamba mtu anaosha sufuria. Magurudumu yawe na kitambaa chao, cha rangi nyingine, kisichopanda juu kamwe. Na taulo ikianguka chini, kazi yake siku hiyo imekwisha mpaka ifuliwe. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku, na ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Taulo ya bei ndogo iliyo safi huitunza rangi, na taulo ya bei kubwa iliyookotwa mchangani huiharibu.

Hapa ndipo tunapowageukia waheshimiwa viongozi wa Wizara, Idara na Mashirika ya Umma. Gari jipya linapokabidhiwa, hukabidhiwa pamoja na jeki, spana na tairi la akiba, na vyote huandikwa. Tunapendekeza kwamba katika orodha hiyo ziongezwe taulo mbili za kukaushia na kitambaa kimoja cha magurudumu, viandikwe katika daftari la stoo, na vibadilishwe vinapochakaa kama inavyobadilishwa mafuta ya injini. Dereva asiyepewa kitambaa hutafuta chake, naye si wa kulaumiwa. Pia apewe muda wa kulisuuza gari linaporudi kutoka safari ya pwani, au linaposhuka kutoka katika meli, kabla halijatakiwa kwa safari nyingine. Mkuu anayemwita dereva wake gari likiwa bado linachuruzika maji, kisha akashangaa mwakani kuona milango imechimbika kwa kutu, anapaswa kujiuliza kutu hiyo ni ya nani.

Gharama ya taulo mbili hailingani hata kidogo na gharama ya kulipiga gari rangi upya, na rangi ya fundi haiwi kama ile ya kiwandani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa upande wa magari ya Serikali, ukuta huo hujengwa kwa fedha ambazo zingenunua dawa za hospitali na madawati ya skuli. Kwa hiyo tunawaomba wahusika walitazame jambo hili katika orodha ya mahitaji ya mwaka ujao. Nawe mwananchi mwenye gari lako, kabla ya Ijumaa ijayo, itazame ile taulo unayoitumia. Ipitishe shavuni mwako. Ikiwa huwezi kustahimili ukali wake, basi na rangi ya gari lako haiwezi.