Mgongo wa Punda Nao Una Haki Yake

Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Methali hii twaitumia kila siku, na aghalabu twamsemea mtu asiye na shukrani. Lakini mimi niliyezaliwa na kukulia Lamu, mji ambao punda ndiye gari na ndiye hamali, nimekuja kujifunza ya kwamba si kila teke ni utovu wa shukrani. Mengine ni mashtaka. Punda hana ulimi wa kusema kwamba tandiko lamuumiza. Teke ndilo neno lake.

Yapata miaka thelathini sasa, mwaka 1996, marehemu baba yangu alianza kushindwa na magoti. Alikuwa akisomesha chuo cha Kurani huko Langoni, na nyumba yetu ilikuwa juu, Gadeni. Kila asubuhi alishuka mlima kwa mkongojo, na kila adhuhuri akaupanda. Ilipofika hadi ya kupumzika mara tatu njiani, mimi mwanawe nilisema basi, atapanda punda.

Punda tulikuwa naye. Alikuwa dume la kijivu, mnene, mwenye mgongo mpana hata watoto wa mtaani wakamwita Mkeka. Siku za kazi alibeba mchanga na mawe kwa shogi kutoka pwani, mawe yale yachimbwayo Manda, na kwa jasho lake tulipata kitoweo. Lakini mzee wa miaka sabini na kitu hawezi kukaa matakoni pa punda bila ya tandiko, kama wafanyavyo vijana wetu katika mashindano ya Maulidi. Alihitaji kiti cha kukalia.

Jamaa yetu mmoja aliyefanya kazi Nairobi, ambako wako watu wafugao farasi wa mashindano, akatuletea tandiko la farasi lililokwisha tumika. Lilikuwa la ngozi nyekundu, lina vifungo vya shaba, lang'aa. Majirani walikuja kulitazama. Nami kwa ujinga wangu nilidhani ya kuwa kitu kizuri machoni ni kizuri mgongoni.

Siku ya kwanza tu, tulipokuwa tukiteremka, tandiko lilianza kuteleza mbele, likateleza hata likafika shingoni, na baba akashika manyoya ya Mkeka kwa mikono miwili huku akisoma shahada. Nilimdaka. Kesho yake nikakaza mshipi wa tumbo kwa nguvu zangu zote, na nikaongeza blanketi mbili chini ya tandiko, nikiona nimemfanyia punda hisani.

Wiki ya tatu Mkeka alikataa kutandikwa. Nilipomkaribia na tandiko alirudisha masikio nyuma, na nilipolazimisha akanipiga teke la paja. Naona haya kulisema hili mbele ya wasomaji, lakini ndiyo kweli: nilichukua fimbo nikampiga.

Baba alikuwa barazani akitazama. Akaniita, "Mwanangu, hebu livue tandiko hilo." Nikalivua. Chini yake, huku na huku karibu na mabega, mlikuwa na vidonda viwili, na cha tatu juu ya uti wa mgongo. Baba alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akanikumbusha habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipompita ngamia ambaye tumbo lake lilikuwa limegandamana na mgongo kwa njaa, akawausia watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasiosema. Akamaliza kwa kusema, "Simpandi tena. Siendi kusomesha Kitabu cha Mungu juu ya kidonda."

Na kweli hakumpanda. Akabaki nyumbani. Watoto wachache tu ndio waliokuwa tayari kupanda mlima kumfuata, na chuo cha Langoni kikawa kimya. Mkeka naye hakuweza kubeba mchanga, kwa hiyo mfuko nao ukawa mtupu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tandiko baya halimuumizi punda peke yake.

Wakati huo mjini petu palikuwa na zahanati ya punda, iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Kiingereza liitwalo The Donkey Sanctuary. Nikampeleka Mkeka. Mtumishi aliyempokea hakunikemea. Alisafisha vidonda, kisha akaniuliza, "Kaka, wewe wavaa kiatu namba ngapi?" Nikamjibu, namba tisa. Akaniuliza tena, "Nikikupa namba saba, kisha nikakuongezea soksi mbili nene ili usiumie, itakuwaje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Zile blanketi zangu zilikuwa ndizo soksi.

Akanieleza kwa kunigusisha mkono. Farasi wa mashindano, alisema, ana mwinuko mahali shingo inapokutana na mgongo, na pande zake zateremka kama paa la makuti. Kiunzi kilichomo ndani ya tandiko lake hufuata umbo hilo. Punda hana mwinuko wa namna hiyo. Mgongo wake umenyooka, na wa punda mnene kama Mkeka ni mpana kama sakafu. Kwa hiyo kiunzi chembamba hakikai, bali hubana pande mbili kama koleo. Na kwa kuwa hakuna cha kulizuia, tandiko huteleza mbele kila mtelemko unapofika. Hata ukikaza mshipi wa tumbo, hutapata ila kumnyima punda pumzi.

Alinifunza pia dalili. Ukimvua punda tandiko baada ya kazi, tazama jasho. Likiwa limeenea sawasawa, ni vizuri. Ukiona doa kavu katikati ya jasho, hapo ndipo tandiko linapokandamiza. Kidonda kikipona, aghalabu manyoya hurudi meupe, nayo hubaki kuwa ushahidi. Na jambo kubwa kuliko yote: uzito usikae juu ya uti wa mgongo hata kidogo. Uchukuliwe na nyama za pande mbili, na katikati uachwe mfereji wa kupita hewa.

Nikamwuliza, "Sasa kiunzi cha mgongo mpana kama huu nitakipata wapi?" Akaniambia, "Kipimo chukua cha huyuhuyu. Halafu tafuta fundi ajuaye kufuatisha umbo."

Fundi ajuaye kufuatisha umbo! Wasomaji wa pwani mnajua nilikokwenda. Nilikwenda Matondoni, kwa waunda majahazi. Nilimkuta mzee mmoja, rafiki ya baba, amekaa chini ya kivuli akichonga taruma. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka tezo chini. "Tangu nizaliwe," alisema, "sijaunda chombo cha kupanda punda." Nikamwambia, "Ami, mgongo wa Mkeka ni kama jahazi lililopinduliwa." Akaacha kucheka. Kauli hiyo ilimwingia.

Alikuja mjini mwenyewe. Alichukua waya laini akaulaza juu ya mgongo wa Mkeka, kwanza nyuma kidogo ya mabega, kisha katikati, kisha pale kiti kinapokoma. Kila mara aliukunja waya ukafuata mgongo, akauondoa polepole na kuuchora juu ya ubao. Michoro ile mitatu haikufanana. Wa mbele ulikuwa tofauti na wa nyuma, kama mataruma ya chombo yanavyotofautiana kutoka omo hata tezi.

Akachonga matao mawili ya mti uliopinda wenyewe, akayaunga kwa mbao mbili pana za kulala pande zote mbili za uti wa mgongo. Katikati aliacha nafasi ya vidole vinne. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimfunika Mkeka kwa kitambaa kilichopakwa masizi, akaweka kiunzi juu yake, akakikandamiza na kukiondoa. Penye masizi mengi chini ya mbao ndipo palipokuwa pakimgusa zaidi. Hapo akaparuza kwa randa. Akarudia hata masizi yakaenea sawasawa.

Mito ya chini ilikuwa kazi ya mama. Wa kwanza aliujaza usufi mtupu, lakini baada ya siku chache ukalala kama chapati. Akaufumua, akachanganya usufi na makumbi yaliyochambuliwa, akaushona kwa kitambaa cha marekani, maana pamba hunyonya jasho. Kamba ya nailoni tuliitupa. Mahali pake tukaweka mshipi mpana wa turubai, na mkanda mwingine wa kuzunguka nyuma ya mapaja, ili mtelemko wa Gadeni usilipeleke tandiko shingoni tena.

Baadaye jamaa yetu aishiye Uingereza alinieleza kwamba shida hii hata huko iko. Wanao farasi wadogo wa asili, wa milima ya Scotland, wa Wales na wa kaskazini ya England, wenye migongo mipana na minene, nao wenyewe hutaabika kutafuta tandiko. Mji wa Walsall umesifika tangu zamani kwa mafundi wa matandiko, na huko hutengenezwa viunzi vya upana mbalimbali, vingine vyenye chuma cha mbele kinachoweza kubadilishwa. Na hata ukipata kilichokaa sawa, lazima upime tena, kwa sababu mnyama hunenepa majani yanapokuwa mengi na hukonda yanapopungua. Hapo nikaona ya kwamba yule mzee wa Matondoni na mafundi wa Walsall, ingawa hawajapata kuonana, wana elimu moja: chombo ndicho kimfuate mwenye kukibeba.

Vidonda vilipofunga na ngozi ikakomaa, tulimtandika Mkeka kwa mara ya kwanza bila ya mtu juu yake. Alirudisha masikio nyuma, akingojea maumivu. Tulizunguka naye mtaa mzima. Tuliporudi, masikio yalikuwa mbele.

Ijumaa iliyofuata baba alipanda. Alikuwa mwembamba, uzito wake haukuzidi mfuko mmoja wa saruji, nami nilisisitiza iwe hivyo daima: hakuna kumpakia mzee pamoja na mizigo, kwa maana hata tandiko zuri halihalalishi mzigo wa dhuluma. Tuliteremka mpaka Langoni na tandiko halikusogea. Watoto walimwona kutoka mbali wakaja mbio.

Tangu siku ile mpaka alipofariki, baba alikuwa na ada moja. Kila alipofika, kabla hajaingia ndani, alilegeza mshipi, akapitisha kiganja chini ya tandiko kutoka mbele hata nyuma, kisha akakitazama. Nilimwuliza siku moja atazama nini. Akanijibu, "Natazama deni."

Mkeka naye amekwisha kufa zamani. Manyoya meupe aliyoota mabegani mwake hayakurudi rangi tena, nami kila nilipomtandika niliyaona. Twasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu siku hizo, kila ninapoona punda wa mtu akirudisha masikio nyuma, humwomba mwenyewe kwa adabu anyanyue tandiko, tutazame pamoja.