Mteja Anasema Kabureta Uliyomuuzia Inazingua? Anzia Hapa

Wauzaji wenzangu wa spea, hii ni yenu. Mimi nauza mtandaoni kabureta za magari ya zamani zilizofunguliwa, zikasafishwa na kufungwa upya: VW Beetle, Corolla za injini ya 3K na 4K. Lalamiko linaloongoza ni hili: "Gari inawaka, silensa iko poa, lakini nikikanyaga mafuta ghafla inakohoa kama inataka kuzima."

Usikimbilie kurudisha hela, na usikimbilie kubishana. Mara nyingi shida ni pampu ya akseleta, kile kipampu kidogo cha ndani ya kabureta. Ukikanyaga ghafla, hewa inaingia haraka kuliko mafuta. Pampu inarusha mafuta kidogo kuziba hilo pengo. Isiporusha, injini inajikwaa.

Mwombe mteja afanye hivi na akutumie video: gari izimwe, injini ipoe, pasiwe na moto wala sigara karibu. Atoe chujio la hewa, achungulie mdomo wa kabureta, kisha asukume mkono wa akseleta. Majibu ni matatu:

1. Mafuta yanaruka papo hapo, kwa nguvu. Pampu ni nzima. Akague mipira ya vakyumu, gasketi ya chini ya kabureta na taimingi.

2. Yanachelewa au yanadondoka tu. Kagua kifimbo kinachosukuma pampu, huenda kimelegea. Au kigololi cha valvu hakikai vizuri, mafuta yanarudi kwenye bakuli.

3. Hayaruki kabisa. Kwanza, bakuli lina mafuta? Kama lipo, basi kitundu cha kurushia kimeziba, kigololi kimeganda au hakikurudishwa wakati wa kufunga, ama mpira wa pampu umechanika.

Sasa upande wetu, kabla hujaposti bidhaa:

✅ Fundi akifungua, vigololi viwekwe kwenye kibakuli kimoja, na ijulikane kila kimoja kimetoka wapi. Ni vidogo, vinapotea kirahisi.

✅ Kabureta za Beetle zina pampu ya mpira bapa. Skrubu zake zikazwe huku mkono wa pampu umesukumwa, ili mpira usikazwe ukiwa umevutika. Kisha angalia mafuta yanaelekea wapi: yapite kwenye uwazi wa kipepeo, yasigonge ukuta.

✅ Zenye pampu ya pistoni na kikombe cha ngozi, kumbuka ngozi hukauka kabureta ikikaa stoo. Ipake oili kidogo, na ujaribu tena siku ya kutuma hata kama ulishajaribu zamani.

✅ Rekodi video pampu ikirusha, namba ya kabureta ionekane. Hiyo ndiyo risiti yako siku ya ubishi.

✅ Mwaga mafuta yote na ukaushe kabla ya kupeleka mzigo kwenye basi. Petroli ndani ya boksi ni hatari kwa abiria.

Video ikionyesha pampu haifanyi kazi, pokea mzigo, rekebisha, na nauli ulipe wewe. Mteja wa gari la zamani anajuana na wenzake wenye magari kama lake, na ndio wateja wako wa kesho.

Wewe unauza spea gani, na lalamiko gani linakusumbua zaidi? Tuambie hapo chini 👇